Mimea ya ndani ya ofisi: pima mahali kwanza, nunua baadaye

Mimea mingi ya ofisini hununuliwa kwa mtindo mmoja. Mtu anapita kitaluni, anapenda jani, analipa, kisha chungu kinatua kwenye kona iliyokuwa wazi. Miezi mitatu baadaye kona ile ina chungu chenye kijiti kikavu, na lawama anabebeshwa mhudumu wa usafi, kiyoyozi, au yule mfanyakazi anayesemwa kwamba mkono wake haukubali maua. Ukichunguza utakuta shida ilianza siku ya kununua: hakuna aliyejiuliza kona ile inapata mwanga kiasi gani, wala nani atashika kopo la maji.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia ofisini, na kitaluni tutafika baadaye. Mwanga na maji nimevipa nafasi kubwa kwa makusudi. Hivyo viwili vikikaa sawa, mengi mengine mmea utakusamehe.

Hatua ya 1: Pima mwanga wa mahali

Jicho la binadamu halifai kuwa kipimo cha mwanga. Ukiingia chumba chenye gizagiza mboni inapanuka, na baada ya dakika chache unaona kila kitu. Mmea hauna ujanja huo. Jua la mchana lisilo na wingu hufikia takribani laksi 100,000 (laksi ni kipimo cha mwanga unaofika mahali). Meza ya ofisi iliyoangazwa vizuri hupata laksi 300 hadi 500, ambazo zinatosha kusoma mkataba lakini kwa mmea ni posho ya kubangaiza. Mimea mivumilivu huishi kwenye laksi mia kadhaa bila kukua kwa maana yoyote. Ikipata elfu moja na kuendelea huanza kutoa majani mapya.

Simu nyingi za kisasa zina kihisi cha mwanga, na zipo programu za bure zinazosoma laksi. Usahihi wake si wa maabara, ila unatosha kutofautisha mia mbili na elfu mbili, na hilo ndilo tunalolitafuta. Weka simu mahali majani yatakapokuwa, kihisi kikielekea upande mwanga unakotoka. Pima asubuhi, adhuhuri na alasiri. Utashangaa namna mwanga unavyoporomoka ukiondoka dirishani: mahali ambapo ni mita tatu tu ndani ya chumba, na kwa macho panaonekana pana mwanga wa kutosha, huenda pakapata sehemu ndogo sana ya ule wa dirishani.

Huna simu ya aina hiyo? Tandika karatasi nyeupe mahali hapo saa za mchana, kisha nyoosha kiganja kiasi cha sentimita 30 juu yake. Kivuli chenye kingo kali maana yake mwanga ni mkali. Kivuli kinachoonekana lakini kingo zake zimefifia ni mwanga wa wastani, na mimea mingi ya ndani inapenda hapo. Ukiona kivuli hafifu, au usipokiona kabisa, ni mmea mvumilivu sana tu utakaodumu.

Mwelekeo wa dirisha nao una neno lake. Karibu na Ikweta jua hupita juu, kwa hiyo madirisha ya mashariki na magharibi ndiyo yanayopigwa na jua la moja kwa moja. La mashariki ni zuri, jua lake ni la asubuhi na halichomi. La magharibi hupata jua la alasiri wakati kioo na ukuta vimeshapata moto, na majani laini huungua pale. Weka pazia jepesi, au sogeza chungu hatua moja au mbili ndani. Kaskazini ya mbali dirisha lenye mwanga mwingi ni la kusini, na kusini ya mbali ni la kaskazini. Vioo vya giza vya majengo marefu hupunguza mwanga kuliko watu wanavyodhani, basi usikadirie, pima.

Chumba kisicho na dirisha kabisa kinahitaji taa. Taa ya LED nyeupe ya kelvini 4,000 hadi 6,500 (kipimo cha rangi ya mwanga, huandikwa kwenye boksi la taa), iliyoning'inizwa sentimita 30 hadi 40 juu ya mmea na kuwashwa saa 12 kwa siku kwa swichi yenye saa, inafanya kazi nzuri. Kumbuka pia siku ambazo hamko kazini. Ofisi inayozima umeme Ijumaa jioni na kuuwasha Jumatatu asubuhi imeutia mmea gizani zaidi ya theluthi moja ya juma. Kama hamtaki habari ya taa, tundikeni picha ukutani na muiache kona ile ipumzike.

Ukiwa hapohapo, inua mkono usikilize hewa. Mimea ya kitropiki hustawi kwenye nyuzi joto 18 hadi 27, na viyoyozi vingi huangukia humo. Kinachoumiza ni upepo wenyewe: hewa baridi na kavu inayopuliza jani moja kwa moja hulikausha kingo. Ukihisi upepo kwenye kiganja, hapo si mahali pa mmea.

Hatua ya 2: Mpate mtunzaji mmoja

Mmea wa wote hufa kwa njia mbili. Ama kila mtu anadhani mwenzake amemwagilia, ama kila mwenye huruma anamimina kidogo akipita. Hiyo ya pili huua haraka zaidi. Teua mtu mmoja na msaidizi wake wa siku za likizo, kisha bandika jina lao kwenye chungu ili wengine waiache kazi hiyo kwa mwenyewe. Mhudumu wa usafi naye aambiwe waziwazi kama kumwagilia ni kazi yake au si yake, maana mara nyingi hufanya kwa wema tu, kila asubuhi, mpaka mizizi inaoza.

Wengine wote wana sheria moja: masalio ya chai, kahawa na soda hayamwagwi kwenye vyungu. Sukari na maziwa hualika ukungu na vijidudu vinavyoruka, na mbolea inayosemwa imo kwenye masalio hayo haifidii usumbufu wake.

Hatua ya 3: Chagua mmea unaolingana na mahali

Mimea mingi inayouzwa kwa ajili ya ndani hutoka kwenye sakafu ya misitu ya joto, chini ya miti mirefu, ambako mwanga hufika umechujwa na majani. Ndiyo maana inavumilia vyumba. Lakini msituni humo humo kuna unyevu hewani na udongo mwepesi uliojaa majani makavu, vitu viwili ambavyo ofisi haina. Jambo la kupima ni huu mmea unavumilia ukavu kiasi gani.

Kwa kona yenye mwanga mdogo na mtunzaji msahaulifu, kuna mimea miwili ninayoipendekeza bila kusita. Wa kwanza ni sansevieria, yenye majani magumu yanayosimama wima, ya kijani chenye milia, mara nyingi yakiwa na ukingo wa njano. Asili yake ni Afrika ya Magharibi na ya Kati, hutunza maji ndani ya majani, na hufungua vitundu vya majani usiku ili isipoteze maji mchana. Siku hizi wataalamu wa mimea wameihamishia kwenye jenasi (kundi la mimea ya ukoo wa karibu) ya Dracaena, ila kitaluni jina la zamani bado linafanya kazi. Wa pili ni zamiokulkasi, wenye vikonyo vinene na majani mazito yanayong'aa. Kwao ni mashariki na kusini mwa Afrika, kuanzia Kenya hadi Afrika Kusini, na chini ya udongo una matunguu yanayohifadhi maji. Ulianza kuonekana kwa wingi kwenye vitalu vya dunia miaka ya 1990, na ukaenea upesi kwa sababu unakaa wiki tatu hata nne bila maji. Mimea hii miwili hukua polepole. Mwenye kutaka mabadiliko kila juma atachoka nayo.

Mwanga wa wastani unafungua mlango mpana zaidi. Pothosi, mtambaazi wenye majani ya umbo la moyo yenye mabaka ya njano au meupe, unafaa kuteremka kutoka juu ya kabati la mafaili. Asili yake ni kisiwa cha Mo'orea katika Polinesia ya Ufaransa. Ukikosa mwanga hupoteza mabaka na kubaki kijani kitupu, lakini haufi. Filodendroni wa kutambaa anafanana nao kwa tabia. Aglaonema wa Asia ya Kusini-Mashariki ana majani mapana ya kijani na kijivu, na anavumilia kivuli vizuri. Wale wenye rangi nyekundu au waridi wanadai mwanga zaidi, kwani sehemu za jani zisizo na kijani hazitengenezi chakula cha kutosha. Drasena wa shina refu ni mzuri kwa mapokezi: haenei kwa upana na hagusi wapita njia.

Spathifilamu, mwenye ua jeupe lililokunja kitambaa chake upande mmoja, ni mmea wa mtu makini. Ukikosa maji unalala chini wote kwa tamthilia kubwa, na saa chache baada ya kunyweshwa umesimama tena. Wengine wanaupenda kwa sababu hiyo, kwamba unasema. Mimi naona usizoezwe hivyo, kwani kila kuanguka kunapunguza mizizi.

Karibu na dirisha, pasipo jua kali la alasiri, weka monstera ya majani yenye matundu, inayotoka Meksiko ya kusini hadi Panama. Ila ipe nafasi, kwa sababu jani moja la mmea mkubwa linaweza kuwa pana kuliko skrini ya kompyuta yako. Krotoni na fikasi wenye majani mapana pia ni wa dirishani. Juu ya meza yenye mwanga mzuri kuna kiumbe kidogo cha nyumbani kwetu kabisa: Saintpaulia, ua la zambarau kutoka milima ya Usambara. Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa Kijerumani huko Tanga, aliipeleka Ulaya mwaka 1892, na leo watu wengi wanaoiuza hawajui imetoka wapi. Majani yake yana manyoya na hupata madoa yakilowa maji baridi, hivyo mnyweshe kwa chini, kupitia kisahani.

Kuhusu kalathea na kangaga laini: ni mizuri mno, na ndani ya ofisi yenye kiyoyozi itakusumbua. Kingo hukauka hata ukifanya kila kitu. Iache kwa mwenye bafu lenye dirisha.

Kabla hujalipa, uliza kuhusu sumu. Pothosi, filodendroni, monstera, aglaonema, spathifilamu, zamiokulkasi na difenbakia zote zina vijiwe vidogo vya kalisi oksaleti, vinavyowasha kinywa na koo vikitafunwa, na utomvu wake unaweza kuwasha ngozi. Ofisi inayopokea watoto wadogo iweke mimea hii juu, na anayeikata avae glavu.

Utasikia pia kwamba mimea husafisha hewa ya ofisi. Habari hiyo ilitokana na majaribio ya NASA, shirika la anga za juu la Marekani, yaliyochapishwa mwaka 1989, ambamo mimea iliwekwa kwenye vyumba vidogo vilivyofungwa kabisa. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, walirudia hesabu kwa kutumia majaribio ya miaka mingi na wakaona kwamba ingehitajika kati ya mimea 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ya sakafu ili kulingana na hewa inayobadilika yenyewe ndani ya jengo la kawaida. Fungua dirisha. Na wale wanaohofu kwamba mmea huwanyang'anya oksijeni usiku watulie vilevile. Unachovuta ni kidogo kuliko anachovuta mlinzi wa zamu.

Hatua ya 4: Ukague kabla ya kuuleta

Geuza majani uangalie chini, maana wadudu hujificha hapo na kwenye makutano ya jani na shina. Inua chungu uangalie matundu: mizizi michache myeupe ni dalili njema, mizizi mingi iliyojisokota inataka chungu kikubwa mapema, na mizizi ya kahawia yenye harufu ya uvundo ni sababu ya kurudisha chungu pale kilipokuwa. Tikisa shina taratibu. Likicheza, limepandwa juzi. Chagua mmea wenye vichipukizi vipya hata kama ni mfupi, uache ule mrefu uliosimama kimya.

Ukifika nao, utenge wiki mbili mbali na mingine. Tegemea baadhi ya majani kudondoka, hasa kwa fikasi, kwa kuwa umetoka kwenye mwanga mwingi wa kitaluni. Katika wiki hizo usiubadilishie chungu, usiutie mbolea wala usiuhamishehamishe.

Hatua ya 5: Chungu na udongo

Chungu lazima kiwe na tundu chini. Hili halina mjadala. Kama umependa chungu cha mapambo kisicho na tundu, acha mmea kwenye chungu chake cha plastiki na ukiingize ndani ya kile kizuri. Siku ya maji unakitoa, unanywesha sinkini, kinachuruzika, kisha kinarudi.

Kuweka kokoto chini ya udongo ili maji yapungue ni desturi iliyoenea, na haisaidii. Maji hayashuki kwa urahisi kutoka kwenye udongo wa chembe ndogo kwenda kwenye kokoto zenye nafasi kubwa. Hujikusanya juu yake kwanza, na ukanda wenye maji mengi unapanda karibu zaidi na mizizi. Jaza udongo mpaka chini, na kama tundu ni kubwa lizibe kwa kipande cha wavu.

Udongo wa shambani ukiwekwa kwenye chungu hushikamana na kunyima mizizi hewa. Changanya sehemu mbili za vumbi la makumbi ya nazi au mboji iliyoiva vizuri, sehemu moja ya perlaiti (chembe nyeupe nyepesi za mwamba uliopashwa moto) au mchanga wa mtoni wa chembe kubwa, na sehemu moja ya vipande vya maganda ya miti au mkaa uliopondwa. Kwa sansevieria na zamiokulkasi ongeza mchanga mpaka uwe karibu nusu. Ushike mkononi ukiwa na unyevu, ufinye. Ukiachia unapaswa kusambaratika.

Kuhamisha chungu hufanywa kila baada ya mwaka mmoja au miwili, na kipya kiwe kipana kwa sentimita 2 hadi 5 tu. Chungu kikubwa kupita kiasi hushika maji ambayo mizizi midogo haiwezi kuyanywa.

Hatua ya 6: Kumwagilia

Mizizi hupumua. Udongo uliojaa maji muda wote hauna hewa, mizizi inakufa, kisha vimelea vya kuozesha vinaingia. Mmea wenye mizizi iliyooza hauwezi kunywa, kwa hiyo unanyauka kana kwamba una kiu. Mtunzaji anauona umenyauka, anauongezea maji, na anamaliza kazi iliyobaki. Ukiukuta mmea umelegea, gusa udongo kabla ya kugusa kopo.

Achana na ratiba ya "kila Jumatatu". Tumia Jumatatu kukagua. Zamisha kidole mpaka fundo la pili. Pothosi, monstera, drasena na aglaonema hunyweshwa sentimita 3 hadi 5 za juu zikishakauka. Spathifilamu hunyweshwa juu pakianza tu kukauka. Sansevieria na zamiokulkasi wasubiri mpaka chungu chote kikauke, na kwa vyungu virefu choma kijiti kikavu cha mti hadi chini, ukiache dakika chache. Kikitoka na udongo uliogandamana, bado. Ukizoea utajua kwa uzito, kwani chungu kikavu ni chepesi mno ukilinganisha na kilichonyweshwa.

Ukiamua kumwagilia, mwagilia kweli. Zungusha maji juu ya udongo wote mpaka yachuruzike chini, subiri robo saa, halafu mwaga yaliyobaki kwenye kisahani. Vijiko viwili vya kila siku hulowesha juu tu, na mizizi ya chini inakauka huku wewe ukiamini unatunza. Udongo uliokauka kupita kiasi hujitenga na ukuta wa chungu na maji hupita pembeni bila kuulowesha. Ukiona hivyo, kitumbukize chungu kwenye ndoo ya maji nusu saa.

Maji yawe ya joto la chumba. Yale ya baridi kutoka mashine ya kunywea hushtua mizizi ya mimea ya joto. Maji ya bomba yanafaa kwa wengi, lakini drasena huonyesha ncha za kahawia yakiwa na floraidi nyingi, na kuyaacha ndoo wazi usiku kucha huondoa klorini tu, floraidi inabaki. Kwa mmea huo tumia maji ya mvua ukiyapata.

Ni mara ngapi basi? Inategemea mwanga, joto, chungu na ukubwa wa mmea, na mimea miwili ya aina moja kwenye chumba kimoja inaweza kupishana kwa wiki nzima. Mwanga mdogo maana yake maji machache; ile ya kona ya ndani isinywe pamoja na ile ya dirishani kwa sababu tu kopo limeshajazwa.

Hatua ya 7: Matunzo madogomadogo

Vumbi huzuia mwanga. Kila baada ya wiki mbili au tatu futa majani kwa kitambaa chenye maji, mkono mmoja ukishikilia jani kwa chini. Maziwa, mafuta ya kupikia na dawa za kung'arisha majani hazihitajiki. Hunata na kukusanya vumbi zaidi. Ukifuta, geuza chungu robo duara ili mmea usilalie upande wa dirisha.

Kunyunyizia majani maji kwa chupa ya mpulizo kunafurahisha anayenyunyizia, ila unyevu unaoongezeka hewani hutoweka baada ya dakika chache. Kusogeza mimea ikae pamoja kunasaidia kidogo. Kinachofanya kazi kweli ni mashine ya kuongeza unyevu, na kabla ya kuinunua ni rahisi zaidi kuchagua mmea usioihitaji.

Mbolea: ya maji yenye virutubisho vilivyosawazishwa, nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, mara moja kwa mwezi au miwili, na kwa mmea unaotoa majani mapya tu. Utando mweupe juu ya udongo ni chumvi zilizojikusanya. Pitisha maji mengi chunguni yachuruzike, na usitie mbolea miezi miwili.

Hatua ya 8: Soma dalili

Jani moja la chini likigeuka njano huku ya juu yakiwa salama, limezeeka tu, likate. Majani kadhaa ya njano na udongo mbichi ni maji mengi. Ncha za kahawia kavu ni hewa kavu, chumvi au maji yenye floraidi. Madoa makavu yaliyopauka upande unaotazama kioo ni kuungua na jua. Shina linalorefuka lenye nafasi kubwa kati ya jani na jani linatafuta mwanga, na mbolea haitalitibu.

Ukishuku kuoza, utoe mmea chunguni hapohapo. Kata mizizi yote laini ya kahawia kwa mkasi uliofutwa kwa spiriti, acha myeupe iliyo imara, kisha panda upya kwenye udongo mkavu na chungu kidogo zaidi. Subiri siku chache kabla ya kunywesha. Ikiwa mizizi yote imekwenda lakini shina ni zima, ruka hadi hatua ya mwisho.

Kwa wadudu, wanaosumbua ofisini ni wachache. Vijinzi vidogo vyeusi vinavyoruka mbele ya skrini huzaliana kwenye udongo mbichi. Kausha sentimita 3 za juu kati ya kumwagilia na kumwagilia, tega karatasi za njano zenye gundi, navyo vitapungua ndani ya wiki chache. Vidung'ata huonekana wakiwa na pamba nyeupe kwenye makutano ya majani: wafute mmoja mmoja kwa pamba iliyochovywa spiriti ya asilimia 70, rudia kila wiki, kwa kuwa mayai hubaki. Utitiri mwekundu hupenda hewa kavu na huacha vidoadoa vilivyopauka pamoja na nyuzi nyembamba. Peleka mmea bafuni uuoshe majani pande zote, halafu pulizia maji ya sabuni laini, kijiko kimoja cha chai kwa lita, au mafuta ya mwarobaini yaliyokorogwa kwa maji na sabuni kidogo. Puliza Ijumaa jioni watu wakishaondoka. Harufu ya mwarobaini kwenye chumba cha mikutano haimfurahishi mtu.

Hatua ya 9: Ofisi ikifungwa

Kwa siku tatu au nne hufanyi lolote. Kwa wiki mbili, mwagilia vizuri siku ya mwisho, ondoa mimea kwenye jua la moja kwa moja, ikusanye pamoja na acha pazia wazi nusu. Giza la wiki mbili nalo huudhoofisha mmea. Spathifilamu na wenzake wanaopenda maji wapewe utambi: kamba ya pamba, ncha moja imezamishwa kwenye udongo, nyingine ndani ya chupa ya maji iliyowekwa usawa wa chungu au juu kidogo. Ujaribu siku mbili kabla ya kuondoka, uone unavuta.

Hatua ya 10: Kukata, kuzidisha, na kutoa

Pothosi na filodendroni zikirefuka zikatwe bila huruma. Huchipua upya na kujaza chungu. Kata sentimita moja chini ya kifundo, pale penye kijizizi kidogo cha kahawia, acha kipande kiwe na majani mawili, weka kifundo ndani ya maji na majani nje. Badilisha maji kila juma. Mizizi huonekana kati ya wiki mbili na nne, na ikifika sentimita tano panda udongoni. Sansevieria huzidishwa kwa kugawa shina la chini, kila kipande kikibaki na mizizi yake. Drasena iliyokwenda juu mno kata kichwa ukipande; kisiki kitatoa vichipukizi.

Na mmea uliokwama, usiochipua wala kufa kwa miezi sita, usiuweke mapokezi kwa ajili ya huruma. Chukua vipandikizi ikiwa kuna cha kuchukua, tupa udongo nje, sugua chungu kwa maji yenye kipimo kimoja cha dawa ya klorini kwa vipimo tisa vya maji, suuza, kianike kikauke. Kisha rudi pale kilipokuwa kimekaa na simu yako, upime mwanga tena kabla ya kwenda kitaluni.